Birika la kahawa, webkamu na prosesa iliyoelemewa

Kimya changu kina sababu. Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu alfajiri: duka lake lilikuwa limevunjwa. Mimi ndiye niliyemwekea ulinzi: webkamu mbili, kompyuta kuukuu ya mtumba na Motion, programu ya Linux inayorekodi pale tu kitu kinaposogea. Tulipofungua rekodi tukaona mlango umefungwa. Kipande kilichofuata, mlango wazi, rafu tupu. Katikati hamna kitu. Prosesa ilikuwa imefika asilimia 100 na picha zikawa zinaachwa njiani. Aliyeiweka fremu 25 kwa sekunde ni mimi.

Basi nikarudi nyuma kutazama waliotutangulia walifanyaje.

Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti walichoka kupanda na kushuka ngazi wakikuta birika la kahawa limeisha. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakalielekezea kamera iliyounganishwa na kompyuta ya Acorn Archimedes. Picha ilikuwa ya kijivu, pikseli 128 kwa 128, na ilibadilishwa kama mara tatu tu kwa dakika. Ilitosha, kwa sababu kahawa haikimbii. Kamera ile iliingia kwenye wavuti mwaka 1993 na kuzimwa mwaka 2001.

Kisha zikaja kamera za bei nafuu, na hapo ndipo shida ilipoanza. QuickCam ya Connectix, mwaka 1994, iliuzwa dola 100 hivi. Kamera za USB zilizofuata zilikutana na waya mwembamba: USB 1.1 hubeba megabiti 12 kwa sekunde, na video ya 640 kwa 480 isiyobanwa haipiti humo kwa kasi ya kawaida. Kwa hiyo kamera nyingi hubana picha, na kazi ya kuifumua huangukia nani? Prosesa yako. Hata kabla hujaanza kutafuta mwizi, mashine inatoka jasho.

Jeroen Vreeken alipoandika Motion mwaka 2000, kompyuta za nyumbani hazikuwa na nguvu ya kuchezea. Wazo lenyewe ni jepesi: linganisha picha mpya na ya kumbukumbu, hesabu pikseli zilizobadilika, zikizidi kiwango (kwa kawaida 1500) anza kurekodi. Lakini fanya hesabu. 640 kwa 480 ni pikseli 307,200. Zidisha kwa fremu 25, kisha kwa kamera mbili: pikseli 15,360,000 kila sekunde, usiku kucha, kwa duka lililofungwa!

Nilichokipenda nimekikuta ndani ya kodi yenyewe, kwenye faili la alg.c. Motion hailinganishi kila kitu mara moja. Kwanza huruka-ruka, ikichungulia takribani pointi 10,000 tu za mwangaza, rangi haiziangalii kabisa. Ikiona mabadiliko ya kutosha ndipo inapopita picha nzima. Ni mlinzi anayemulika tochi huku na kule kabla ya kuinuka kitini. Mimi nilikuwa namlazimisha mlinzi huyo kuinuka mara 25 kwa sekunde.

Nimeshusha kila kamera hadi 320 kwa 240, fremu 5. Hiyo ni kazi moja ya ishirini ya ile ya mwanzo. Pia nimeweka picha ya kufunika (mask_file), nikapaka nyeusi sehemu ya dirisha. Taa za magari barabarani ndizo zilizokuwa zikiamsha rekodi saa zote, na kubana video ni ghali kuliko kulinganisha picha.

Mali ya binamu haijapatikana. Usiku wa juzi kimerekodiwa kipande kimoja tu: paka juu ya kaunta, na hakuna fremu iliyopotea.