"Magazine", Hazina na Gazeti

Mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo na neno la Kiingereza "magazine", aghalabu sikio humdanganya. Husikia humo "magazeti", akalichukua lile ma- la mwanzo kuwa kiambishi cha wingi, akahitimisha kuwa maneno hayo ni ndugu. Sivyo. "Gazeti" lina ukoo wake: limetokana na Kiingereza "gazette", ambalo asili yake ni Venice, ambako katika karne ya 16 gazeta ilikuwa sarafu ndogo, wengi huamini kuwa ndiyo iliyokuwa bei ya karatasi ya habari.

Ndugu halisi wa "magazine" ni hazina. Yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu kh-z-n, wenye maana ya kuhifadhi au kuweka akiba. Kutokana na mzizi huo Kiarabu kina makhzan, yaani mahali pa kuhifadhi, na wingi wake ni makhazin. Ma- hii haihusiani na wingi; ni kiambishi cha mahali. Waswahili wanayo siku zote bila kuitambua: maktaba ni mahali pa kitabu, mahakama ni mahali pa hukumu, madrasa ni mahali pa darasa. (Hakuna asemaye "ktaba moja".) Kwa umbo, basi, "magazine" hukaa jirani na maktaba. Anayelikata neno hilo kwa kufuata ngeli za Kibantu hufuta kiambishi kilicho hai katika Kiswahili chenyewe.

Sauti ndizo zilizouficha udugu huu. Neno lilipopita katika biashara ya Bahari ya Kati, kh iligeuka g: Kiitaliano kikapata magazzino, Kifaransa magasin, ambalo leo ni duka. Kiswahili kilipokea khazina kwa njia nyingine, na kh ikalainika kuwa h.

Kiingereza kililichukua neno katika karne ya 16 kwa maana ya ghala, hususan ghala la baruti na silaha. Karne iliyofuata, vitabu vilivyokusanya maarifa ya aina fulani vilianza kuitwa kwa jina hilo, kama ghala za elimu. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha The Gentleman's Magazine jijini London, na tangu hapo maana ya jarida ikashika mizizi hata sitiari ikasahauliwa. Ile maana ya silaha haikufa: imebaki katika chombo cha risasi ambacho askari wa Afrika Mashariki hukiita magazini. Mweka hazina anayeidhinisha ununuzi wa magazini za bunduki hutamka mzizi mmoja mara mbili.