Msemaji Asiyeonekana: Lugha na Utambulisho wa Uongo katika Mitandao ya Awali ya Tarakilishi

Kwa desturi, msikilizaji humtambua msemaji kwa sauti, uso, lafudhi na jamaa zake. Mitandao ya awali ya tarakilishi iliviondoa vitambulisho hivyo, ikabakiza maandishi matupu. Visa vitatu vya miaka ya 1980 vinabainisha taathira ya hali hiyo.

Kisa cha kwanza kilitokea katika Usenet, mtandao uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Tarehe 1 Aprili 1984 ulienea humo ujumbe uliodaiwa kutoka kwa Konstantin Chernenko, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, kupitia tarakilishi iitwayo kremvax, ukitangaza kwamba nchi yake imejiunga. Mwandishi halisi alikuwa Piet Beertema wa Amsterdam, na ulikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Wengi walisadiki. Watumiaji wa Moscow walipojiunga kweli mwaka 1990, wapo waliowashuku kuwa ni mzaha mwingine. Hivyo uongo wa jana uliulazimisha ukweli wa leo kutafuta mashahidi.

Kisa cha pili chafaa kuzingatiwa zaidi na wanaisimu. Mwaka huohuo wa 1984, katika kikundi cha Usenet cha watu wasio na wenzi, alizuka mchangiaji aitwaye Mark V. Shaney. Hakuwa mtu, bali programu iliyoandikwa na Bruce Ellis katika maabara ya Bell. Programu hiyo ilisoma maandishi ya wanakikundi, ikahifadhi kila jozi ya maneno pamoja na neno lililoifuata, kisha ikateua maneno mapya kwa bahati nasibu kulingana na marudio hayo. Msingi wake ni kazi ya Andrei Markov, ambaye mwaka 1913 alichunguza mfuatano wa irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za Eugene Onegin ya Pushkin. Jina Shaney lenyewe ni mchezo wa matamshi juu ya mnyororo wa Markov kwa Kiingereza. Sentensi zake zilishikamana kwa hatua fupi, lakini hoja haikuwapo. Hata hivyo, baadhi ya wasomaji walimdhania mtu, pengine mwenye wazimu. Maana iliyokosekana waliijaza wenyewe.

Kisa cha tatu kilisimuliwa na Lindsy Van Gelder katika jarida la Ms. mwaka 1985. Katika huduma ya CompuServe, "Joan" alijieleza kuwa mwanamke aliyelemazwa na ajali ya gari na kupoteza uwezo wa kusema. Wanawake wengi walimfungulia siri zao. Kumbe alikuwa daktari wa kiume wa magonjwa ya akili. Ububu wa kubuniwa ndio uliokuwa nguzo ya hila: ulizuia simu, ukayafanya maandishi kuwa ushahidi pekee. Siri ilipofichuka, baadhi ya marafiki waliomboleza kana kwamba wamefiwa.

Katika kisa cha kwanza jina liliazimwa. Katika cha pili msemaji hakuwapo. Katika cha tatu alikuwapo, lakini si yule aliyejulikana. Katika vyote, sarufi na mtindo havikutosha kumthibitisha msemaji. Utambulisho hautokani na matini peke yake, bali na jamii inayoweza kusema: huyu twamjua.