Sanduku la Kioo na Ua la Usambara

Mwaka 1829, katika Wellclose Square, London, tabibu Nathaniel Bagshaw Ward alimfukia pupa wa nondo katika udongo mbichi ndani ya chupa pana, akaifunika, akawa anangoja. Nyumba yake ilikuwa jirani na gati za meli, na moshi wa makaa ya mawe ulikwisha kumuulia makangaga yake yote ya uani. Nondo hajatoka bado, tabibu akaona chupani kangaga na unyasi vimechipua.

Siri ilikuwa katika kifuniko. Mchana mvuke ulipanda kutoka udongoni, ukagusa kioo, ukawa matone. Kisha matone yakateremka kule kule yalikotoka. Mimea ile iliishi karibu miaka 4 bila kunyweshwa, hata kifuniko kilipoliwa na kutu, mvua ikaingia, ikafa.

Ward akaunda masanduku ya kioo. Mwaka 1833 mawili yalisafiri juu ya sitaha hadi Sydney, na mimea ikafika hai. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa chumvi ya bahari huyatenda nini majani mateke. Tangu hapo masanduku hayo yalihamisha michai kutoka China hadi India na, mwaka 1876, miche ya mpira kutoka London hadi Ceylon. Lililoanza kwa nondo likawa chombo cha dola, ingawa wasimulizi wengi hupenda kuishia kwenye nondo.

Mwaka 1892 zamu ikafika Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, aliliona ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli na umande, akampelekea babake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo: Saintpaulia. Wajerumani wa kawaida, kwa haki zaidi, huliita kwa jina la milima yake.

Ua hilo limeenea madirishani Ulaya na Marekani, ambako majira ya baridi vipasha joto hukausha hewa ya chumbani hadi chini ya asilimia 30. Walilezi hulinyunyizia maji, na hukosea: unyevu huo hupotea upesi, na maji baridi huyatia mabaka majani yake yenye vinyweleo. Lifaalo ni sahani ya changarawe na maji chini ya chungu, au kioo cha Ward.

Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la baron likashuka cheo. Huko Usambara, miti ikatwapo juu ya mwamba, jua huingia, umande hukauka, na ndugu zake wa mwituni hufa.