Simbamarara kwenye boksi: katuni za vyakula vya asubuhi zilitoka wapi?

Ukiingia duka kubwa la mjini na kufika kwenye rafu ya vyakula vya asubuhi, utakuta maboksi yenye picha za wanyama wanaocheka: simbamarara, sungura, ndege mwenye mdomo wa rangi nyingi. Ndani ya boksi ni nafaka tu. Ni mahindi, ngano, mchele au oti iliyopikwa kiwandani na kukaushwa, na huliwa na maziwa baridi. Mahindi yenyewe ni ndugu wa haya tunayosaga kupata unga wa ugali. Kwa nini basi yahitaji simbamarara ili yauzike?

Chanzo chake ni hospitali

Vyakula hivi vilianzia Marekani, katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan. Huko Waadventista Wasabato walikuwa na kituo cha tiba kilichoongozwa na Daktari John Harvey Kellogg, mtu aliyepinga ulaji wa nyama. Mwaka 1894 yeye na mdogo wake, Will Keith Kellogg, waligundua namna ya kubana ngano iliyochemshwa ikawa vipande vyembamba vikavu. Baadaye wakatumia mahindi. Kilikuwa chakula cha wagonjwa, hakina utamu wala mbwembwe.

Will Keith alitaka kukiuza kwa watu wote. Mwaka 1906 alianzisha kampuni yake mwenyewe. Suala la sukari lilikuwa moja ya mambo yaliyowagombanisha ndugu hao.

Picha ya mtu kwenye boksi ilikuwapo hata kabla ya hapo. Kampuni ya oti ya Quaker ilisajili alama yake mwaka 1877: mwanamume aliyevaa mavazi ya kale ya Waquaker, yaani kanisa la Marafiki, ambalo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Kampuni haikuwa mali ya kanisa hilo. Ilitaka tu mnunuzi amwone mtu mwaminifu.

Redio nayo ina sehemu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mchoraji Vernon Grant alisikia redioni tangazo la Rice Krispies, mchele mkavu unaotoa mlio ukimwagiwa maziwa. Akaichora milio hiyo kama vibwengo watatu wadogo. Ndio Snap, Crackle na Pop, ambao wapo hadi leo.

Sukari na televisheni

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vilianza kuipaka nafaka sukari kabla ya kuiuza. Wakati huohuo televisheni iliingia majumbani Marekani. Mwaka 1952 kampuni ya Kellogg ilitoa mahindi yaliyopakwa sukari, na wanyama kadhaa wakapendekezwa kuyatangaza: simbamarara, kangaruu, tembo na nyumbu. Tembo na nyumbu waliachwa. Kangaruu alitumika kwa muda mfupi. Simbamarara, aliyeitwa Tony, akashinda. Sauti yake nzito ilikuwa ya Thurl Ravenscroft, aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Wengine walifuata haraka. Sungura wa Trix alitokea mwaka 1959, nahodha wa Cap'n Crunch na ndege Toucan Sam mwaka 1963.

Kwa nini watoto wanavutwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kusoma jina la kampuni, lakini uso anautambua. Sababu ya pili ni hadithi. Sungura wa Trix, kwa mfano, kila mara huihangaikia nafaka ile na kila mara ananyang'anywa, na mtoto hutaka kujua kama leo atafanikiwa. Mwaka 1976 watoto walipigishwa kura waamue kama apewe. Walisema apewe.

Sababu ya tatu ni kwamba picha hubadilisha hata ladha. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapa watoto 40 wa miaka minne hadi sita vyakula vilevile katika pakiti mbili, moja ikiwa na katuni na nyingine haina. Watoto wengi walisema chenye katuni ni kitamu zaidi. Kwa karoti, nguvu ya katuni ilikuwa ndogo.

Rangi iliyowatisha madaktari

Mwaka 1971 kampuni ya General Mills ilitoa Franken Berry, nafaka ya rangi ya waridi yenye picha ya zimwi. Mwaka uliofuata madaktari waliandika kisa cha mvulana wa miaka 12 aliyelazwa hospitali kwa kuwa choo chake kilikuwa chekundu. Walihofia anavuja damu tumboni. Hakuwa mgonjwa. Ilikuwa rangi ya chakula, ambayo mwili haukuifyonza.

Nchi zilizoziondoa

Mwaka 1978 tume ya biashara ya Marekani ilipendekeza kuzuia matangazo ya televisheni yanayolenga watoto wadogo. Kampuni zilipinga vikali, na bunge likaizuia tume hiyo. Chile ilifika mbali zaidi. Tangu mwaka 2016, chakula chenye sukari nyingi nchini humo hubandikwa alama nyeusi ya onyo na hakiruhusiwi kuwa na katuni. Meksiko ilifuata mwaka 2021. Huko Tony aliondolewa kwenye boksi, ila mahindi yake yaliendelea kuuzwa.

Namna ya kulisoma boksi

Msikilizaji, hata kama hununui vyakula hivi, biskuti na juisi za watoto huuzwa kwa njia hiyohiyo. Kabla ya kulipa, geuza pakiti uangalie nyuma.

Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, jua unachonunua. Kisha tafuta gramu za sukari katika kila gramu 100. Uingereza huhesabu zaidi ya gramu 22.5 kuwa ni nyingi. Gramu nne ni sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo chakula chenye gramu 36 kina vijiko tisa katika kila gramu 100. Mtoto akililia picha, mwonyeshe vijiko hivyo tisa kwenye sahani, kisha mwamue pamoja.