Kabla Hujaambiwa Kibra ni ya Nani

Wasee, 2027 bado haijafika lakini tayari watu wanagawana Kibra kama mandazi. Mmoja atakuapia ni ya ODM mpaka Yesu arudi. Mwingine atasema Baba ameenda, kwa hivyo kiti kiko wazi. Wote wawili wanaongea kana kwamba historia ya hicho kiti ilianza na Raila. Haikuanza naye, na ukiifuata kutoka nyuma unaanza kuona mchezo ni ule ule.

Kabla ya uchaguzi wa 2013 hakukuwa na eneo bunge la Kibra. Kulikuwa na Lang'ata moja kubwa iliyobeba Karen na Laini Saba pamoja. Mwenye bustani na anayemwagia maji hiyo bustani walikuwa na mbunge mmoja. Fikiria hiyo kampeni: asubuhi unaongea na watu wenye farasi, jioni unaongea na watu wanaodaiwa kodi ya nyumba ya mabati.

1969, kiti kilichukuliwa na Yunis Ali, Mnubi. Hii ina maana yake. Wanubi ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles ambao Mwingereza aliwaacha wakae hapo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hata jina Kibra ni la Kinubi, maana yake msitu. Waliruhusiwa kukaa, hawakupewa hati. Shikilia hiyo kwa sababu itarudi.

Mwaka huo huo kuna jamaa alishindwa kwa kura chache: Mwangi Mathai. Akarudi 1974, na safari hii akashinda. Katika kampeni aliahidi watu kazi. Kawaida tu, nani hajaahidiwa kazi? Lakini mkewe alikuwa Wangari, mhadhiri wa chuo kikuu, na alikuwa amezunguka naye akiomba kura. Kura zilipokwisha kuhesabiwa akamuuliza bwanake, na zile kazi? Mheshimiwa hakuwa na presha. Kampeni si ilikuwa imeisha?

Wangari ndiye aliyebaki na deni. Akaanzisha kampuni, Envirocare, awaajiri watu wa mitaa maskini ya Lang'ata kusafisha na kupanda miti kwenye mashamba ya matajiri wa Lang'ata hiyo hiyo. Angalia akili ya huyo mama: eneo bunge moja, pesa iko upande mmoja na mikono iko upande mwingine, basi waunganishe. Haikuenda mbali. Matajiri hawakutaka kulipa mapema, na maskini hawangeweza kufanya kazi bila nauli. Miche ikabaki bila pa kwenda. Lakini wazo halikufa. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wanawake wenzake walipanda miti saba Nairobi, na hapo ndipo Green Belt Movement ilipoanzia. 2004 akapewa Nobel. Ndoa yenyewe ilivunjika kitambo, na bwana alipotaka jina lake arudishiwe, Wangari aliongeza "a" moja tu akawa Maathai. Savage.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ahadi ya kampeni iliyozaa matunda makubwa zaidi katika historia ya nchi hii, na aliyeitimiza hakuwa hata na kiti.

1979 akaingia Philip Leakey wa KANU, Mzungu, mtoto wa wale Leakey wa mafuvu ya kale. Enzi za chama kimoja sitazikalia sana. Ukitaka kujua zilivyokuwa, muulize mzee yeyote kuhusu mlolongo wa 1988, watu wakihesabiwa wamesimama kwenye foleni na matokeo yanasomwa tofauti.

Halafu 1992, vyama vingi vimerudi, na Raila ametoka uhamishoni Norway. Angeweza kwenda nyumbani Nyanza atafute kiti rahisi. Akachagua Lang'ata, akamwondoa Leakey kwa tiketi ya Ford-Kenya, na hakuachilia mpaka 2013. Alipohama chama akajiuzulu, akarudi kwa wapiga kura, na Machi 1997 wakamrudisha na NDP. Leo mbunge akihama chama hata simu yako hashiki, kwa hivyo hapo nampa heshima yake.

Lakini pia tuseme ukweli. Mwishoni mwa 2001 Rais Moi alisema kodi ya nyumba Kibera iko juu ipunguzwe, na Raila, akiwa waziri wake, akaunga mkono. Wapangaji wakaacha kulipa, wenye nyumba, wengi wao Wanubi, wakagoma kupunguza, na watu wakauana. Wakubwa waliongea, wadogo wakazika. Na kiini cha yote kilikuwa kile kile: hakuna mwenye hati, kwa hivyo hakuna mwenye kusema kodi halali ni ngapi.

2007 ndiyo kali zaidi. Katiba ya zamani ilisema huwezi kuwa rais kama hujashinda kiti cha ubunge. Ina maana Raila angeshinda nchi nzima na ashindwe Lang'ata, Ikulu angeiona kwa TV. PNU walilijua hilo, wakamsimamisha mfanyabiashara Stanley Livondo. Kwa hivyo mama muuza samaki wa Lindi alikuwa ameshika funguo mbili kwa karatasi moja. Raila alishinda Lang'ata, urais ukatangazwa kwa Kibaki, na tunajua kilichofuata. Toi ikachomwa, reli ya kwenda Uganda ikang'olewa hapo Kibera. Hizo nguo unazookota Toi leo zinauzwa juu ya majivu.

Mipaka mipya ya 2012 ilifikisha maeneo bunge 290, Nairobi ikatoka 8 hadi 17. Karen na South C zikabaki Lang'ata. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra. Wengine walifurahi. Mimi naona tulipoteza kitu hapo, kwa sababu mbunge wa Karen hana tena sababu ya kukanyaga Lindi.

Ken Okoth, aliyezaliwa Kibera na kusoma Starehe, alichukua Kibra 2013 na 2017, akaweka nguvu kwenye shule. Saratani ikamchukua Julai 2019. Uchaguzi mdogo wa Novemba ukageuka vita vya wakubwa tena: Jubilee wakaleta McDonald Mariga wa Inter Milan, ODM wakaita Kibra chumba cha kulala cha Baba. Imran Okoth, nduguye Ken, akapata 24,636, Mariga 11,230. Niambie kama unakumbuka ahadi hata moja ya kampeni hiyo. Mimi nakumbuka helikopta na mawe. 2022 akaja Peter Orero, mwalimu mkuu, ODM tena.

Raila alifariki Oktoba 2025. Kwa hivyo tarehe 10 Agosti 2027 Kibra itapiga kura bila yeye kuwa popote, mara ya kwanza tangu 1992. Wanubi walipewa hati ya ekari 288 mwaka wa 2017, baada ya kungoja zaidi ya karne. Waliobaki, yaani wapangaji wengi na wenye nyumba wengi, wanakaa kwenye ardhi ambayo kwa karatasi ni ya serikali. Mgombea akija kwenu na fulana na elfu mbili, muulize ile swali la Wangari la 1974, kisha mwache ajibu mbele ya watu.