Majeraha ya mizigo mizito katika kusubu vyuma

Ni madhara ya kuinua vyuma chakavu, kalibu na vyungu vya madini yaliyoyeyuka: mgongo kuteguka, vidole kupondeka, miguu kuungua. Uzito huhadaa. Debe la lita 20 la maji lina kilo 20. Likijaa chuma cha kusubu hukaribia kilo 140. Alumini, ambayo mafundi wa jua kali huisubu kuwa sufuria, ni nyepesi zaidi, ila huyeyuka kwa nyuzi 660, na kandambili si kinga. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hukataza kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumuumiza. Fidia ina sheria yake, ya mwaka huohuo.