Taa ya Mchana: Ilikotoka, na Kwa Nini Tarime Bado Inazimwa

Washa taa ya pikipiki saa sita mchana, jua la utosi, ushuke nayo kutoka Sirari kwenda Tarime mjini. Hutafika bila kuonywa. Bodaboda wa kwanza utakayepishana naye atainua mkono, afumbe na kufumbua vidole. Wa pili hivyo hivyo. Ukipita kijiweni utasikia: "Oya, taa hiyo kaka!" Wanakutakia mema. Wanajua balbu inanunuliwa, haiokotwi.

Mazoea hayo yana historia ndefu. Pikipiki za mwanzoni mwa karne ya 20 zilifungwa taa za gesi: maji yakidondokea kabaidi, hutoka asetilini, nayo huwaka mwali mweupe. Umeme ulipochukua nafasi ya gesi, kazi ya taa haikubadilika. Ilikuwa ya kumulika njia usiku, na kukikucha unaizima.

Huku kwetu somo hilo tulilipata kwenye baiskeli. Neno bodaboda lilizaliwa miaka ya 1960 mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria. Baiskeli zenye taa zilitumia dainamo iliyosugua tairi. Ukikazana kukanyaga, taa inawaka, ukisimama, inalala.

Pikipiki zilikuja kwa wingi miaka ya 2000. Kabla ya hapo, Tarime na Mugumu, pikipiki ilikuwa ya bwana shamba au padri. Zikaingia SanLG na nyingine za China, nyingi zikiwa zimeigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, yenye injini ngumu ambayo fundi wa chini ya mti anaimudu. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni kwa pikipiki za kubeba abiria. Kisha zikafuata Boxer na TVS za India.

Nyingi kati ya pikipiki hizo zina tabia ya dainamo ile ile. Taa ya mbele haili betri. Inachukua umeme moja kwa moja kwenye koili ya injini. Ukivuta mafuta inang'aa, ukiachia inafifia kuwa njano kama kibatari. Ndiyo maana yule anayezima injini kwenye mteremko usiku ili abane mafuta hushuka gizani na abiria wake, taa imekufa, mlio hakuna.

Wazo la kuwasha taa mchana lilianzia mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya majimbo ya Marekani yaliwalazimisha waendesha pikipiki kufanya hivyo. Mwaka 1981, Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alitoa ripoti ya ajali zipatazo 900 zilizochunguzwa Los Angeles. Madereva wengi wa magari walieleza kuwa hawakuiona pikipiki, au waliiona wakiwa wamechelewa. Malaysia ilipitisha sheria ya taa za mchana mwaka 1992, na watafiti wakakuta ajali za kutoonekana zimepungua kwa asilimia 29 hivi. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha koti linaloakisi mwanga na upungufu wa asilimia 37 wa hatari ya kuumia, na taa ya mchana asilimia 27. Tangu Aprili 2017, pikipiki mpya zinazouzwa India huwaka taa zenyewe injini ikiwashwa. Za huku, nyingi bado zina swichi, na kidole kinajua kuizima.

Tatizo ni la macho ya binadamu. Gari lina taa mbili. Likikaribia, nafasi kati yake hupanuka, nawe unakisia mwendo wake. Pikipiki ina nukta moja, haisemi iko mbali au karibu. Usiku mambo huharibika zaidi lori lenye chongo linapokuja barabara ya Musoma: unaona taa moja, unadhani ni bodaboda mwenzako, kumbe ni tani 30. Kwa hiyo vijana wanaofunga vitaa viwili vya spoti chini ya taa kubwa wana akili: nukta tatu zinaonyesha umbo. Wanaofunga taa nyekundu mbele ndio wanaopotosha, maana nyekundu ni ya nyuma.

Na liko vumbi. Kwenye njia za Nyamongo na Mugumu, pale lami haijafika, bodaboda anayefuata lori humezwa mzima mzima saa tisa alasiri. Anayetoka upande wa pili haoni koti wala kofia. Ataona taa, kama imewashwa.

Basi akitokea mtu mbali kule, akainua mkono na kukufumbia vidole, mshukuru, usizime. Amekwisha kukuona.